Nani Amekufungia Mzigo?

Mwembesongo, mkesha wa safari yako

Skola,

Usiisome hii mbele ya mjomba wako. Nimeitia ndani ya pasi yako ya kusafiria kwa sababu najua utaishika kabla hujanawa uso. Wiki nzima umekuwa ukiifungua kutazama picha yako, kama mtu anayehakikisha kwamba bado yupo. Isome, kisha itie jikoni motoni. Mjomba atateremka na gari la kwanza la mboga kutoka Mgeta, na kamba yake ya mgomba begani, na akifika nataka karatasi hii iwe majivu.

Juzi ulinikuta dukani nachambua karoti, ukachutama mbele yangu na maswali yako.

"Mama, eti ile mashine ya uwanja wa ndege inaona mpaka tumboni?"

"Inaona mpaka ulichokula jana."

"Mama, jamani!"

"Unaogopa nini? Ulikula ugali na mlenda. Watakuonea huruma, watakupitisha."

Mama Chiku wa duka la pili akacheka mpaka akadondosha fungu la bamia. "Mwambie bwana wa mashine asikukodolee macho sana," akakuambia, "mahari bado haijaletwa."

Wewe hukucheka. Ukaendelea: viatu wanavulisha? Shanga zitalia? Kitana cha chuma je? Unga wa muhogo watautoboa? Wakiniuliza Kiingereza kikanitoka? Nilikujibu kwa mkato, nikarudia karoti zangu, ukaondoka umenuna. Basi pokea majibu yako kwa mara ya mwisho tuyamalize. Viatu uvue ukiambiwa. Kitana kiende kwenye mzigo mkubwa. Unga wanaweza kuutoboa, na wakiutoboa usiwakodolee macho. Neno bomu usilitamke hata kwa mzaha, wale watu hawalipwi mshahara wa kucheka. Mengine atakuonyesha sista utakayesafiri naye, ameshapanda ndege mara nyingi kuliko mimi nilivyopanda Land Rover za Mgeta.

Swali moja hukuniuliza, nalo ndilo wao watakalokuuliza mwanzo kabisa, tena wakikutazama machoni. Watasema: mzigo huu umeufunga mwenyewe? Kuna mtu yeyote amekupa kitu umbebee?

Kwa wenzetu wengine hilo ni swali la kupitishia muda. Mtu anasema ndiyo, hapana, anakwenda zake. Kwetu sisi, Skola, swali hilo ni kisu. Katika ukoo wetu msafiri hafungi mzigo wake. Hufungwa na mjomba, au na kaka ikiwa mama zako hawana tena kaka aliye hai. Na wakati anafunga, msafiri anageuka ukutani. Umeliona hilo tangu ukiwa mdogo, hukuuliza sababu. Sababu ni kwamba ukitazama fundo linavyokazwa umesema humwamini anayekufunga, na asiyeaminiwa hawezi kukushikia njia ya kurudi. Ndivyo nilivyofundishwa. Ni mila nzuri. Nasema kweli, ni nzuri. Ilitungwa na watu ambao safari yao ndefu kuliko zote ilikuwa kuteremka mpaka Ngerengere.

Mimi nilisafiri mbali zaidi. Hadithi hiyo umeisikia kwa watu wote isipokuwa mimi.

Ulikuwa hujaanza shule. Serikali ilikuwa imelegeza kamba, mtu mwenye akiba yake akaruhusiwa kuagiza vitu bila kuulizwa sana ameipata wapi. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya magadi na giza yakaanza kuonyesha rangi. Mimi nilikuwa mwanamke wa njegere na karoti. Nilibeba kichwani kutoka juu mpaka barabarani tangu nikiwa na umri wako wa sasa, na baba yako alikuwa ameshatuacha kwa mwanamke wa Kilosa asiyebeba kitu. Nikasikia wanawake wa Dar wanakwenda Bombay wanarudi na kanga. Nikajiuliza, wao wana miguu mitatu? Nilijinyima, nikasuka mipango yangu, nikapata pasi. Kila mtu kule juu alisema Mama Skola amechanganyikiwa. Mtu mmoja tu alisema, "Dada, nenda." Kaka yangu Pius.

Nakumbuka alivyofika asubuhi ile. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili. Mimi nilikuwa nimeshaupima mzigo kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ile ninayopimia viazi, ukasoma kilo ishirini na mbili. Nilikuwa nimebeba iliki na vinyago vya kwenda kujaribu soko. Kaka akasema, "Geuka, dada." Nikageuka. Nilisikia kamba ikilia, nikasikia na yeye akikohoa, nikatazama udongo wa ukuta na moyo wangu ulikuwa umejaa mpaka nikataka kulia. Ndiyo, nilikuwa na furaha. Nikupe nini tena cha kuchekea?

Aliponitwika, Skola, shingo yangu ilijua. Usisahau mimi ni nani. Mimi naweza kushika kabichi mbili, moja kila mkono, nikakuambia ipi imezidi na imezidi kwa kiasi gani. Mzigo ulikuwa umezidi kilo moja na nusu. Kamba haina uzito huo. Nilijua pale pale, mlangoni, kabla sijavuka kizingiti, nikasema, "Asante, kaka." Kule Dar, dada wa kaunta akaupandisha kwenye mizani yao, akatamka kwa sauti: "Ishirini na tatu na nusu." Mizani ya serikali imenithibitishia shingo yangu, na bado nikanyamaza. Watu wanasema nilifungwa kwa ujinga. Si kweli. Mjinga hajui hesabu. Mimi hesabu nilikuwa nayo kamili, ila niliona aibu kuitamka.

Wakati ule mzigo ulikuwa unapimwa kwanza, kisha unauburuta mwenyewe mpaka meza ya ukaguzi. Afisa wa pale alikuwa kijana mnene, mpole, anatafuna karanga.

"Mama, mzigo umefunga mwenyewe?"

Angeniuliza mtu wa Bombay ningesema ndiyo. Lakini aliniuliza Kiswahili, kwa upole, na mimi nilitaka ajue kwamba sikutoka kwetu kama mtoro. Nikamjibu kwa kujidai: "Hapana, mwanangu. Amenifungia kaka yangu."

Akaacha kutafuna. "Kaka yako anakupenda, mama?"

"Sana."

"Basi ngoja tuone anavyokupenda."

Akachukua kisu akakata ile kamba. Foleni nyuma yangu ikacheka. Akatoa iliki, akatoa vinyago, akatoa gauni langu la misa. Chini kabisa palikuwa na mfuko wa unga wa muhogo ambao sikuutia mimi. Akaingiza mkono, uso wake ukabadilika, akaanza kutoa mawe. Mekundu, machafu, yamepakwa unga kama samaki wa kukaanga. Rubi, mawe ya thamani ya mtoni Matombo. Kilo moja na nusu kasoro kidogo, pamoja na unga wake. Foleni haikucheka tena. Mwanaume mmoja mwenye koti akasema, "Wanawake hawa wa biashara, ndiyo maana wanajenga."

Nilisema kila kitu nilichokijua, nacho kilikuwa sentensi moja: amenifungia kaka yangu. Wakanipeleka nyuma ya pazia kwa mama mmoja mwenye glavu. "Vua." Nikavua. "Na hicho." Nikavua. "Na hicho." Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mtu mzima. Akasema, "Mimi si mwanao. Inama." Nilipoinama niliisikia ndege ikinguruma. Sijui kama ilikuwa yangu. Nimeamua ilikuwa yangu.

Wakamwita Pius. Alikuja, usiseme hakuja. Alikuja na shati lile lile la Jumapili, akampa mpelelezi shikamoo ingawa kijana yule alikuwa mdogo kwake, akavua kofia. Wakamwuliza, mzee, huyu dada yako anasema mzigo ulifunga wewe. Akanitazama. Skola, alinitazama vizuri kabisa, kama mtu anayetazama mvua itanyesha au haitanyesha. Akasema: "Mimi ni mkulima wa njegere, afande. Mambo ya mjini anayajua yeye. Na kwetu anayefungwa mzigo anageuka ukutani. Mwulizeni aliona nini."

Wakaniuliza. Niliona nini? Niliona ukuta.

Ndiyo maana nilikaa ndani. Mahindi yalipandwa na kuvunwa bila mimi, yakapandwa tena. Na wewe ulikuwa kwake. Alikulisha, sikatai. Alikununulia viatu, alikupeleka hospitali ya misheni ulipougua surua akakesha nawe. Nayajua yote, alihakikisha nayajua. Nilipotoka nilipanda mlima kwa miguu nikakukuta umesimama kwenye uwanja wake, umenenepa, umesukwa nywele. Nikafungua mikono. Ukarudi nyuma ukashika suruali ya mjomba, ukasema, "Mjomba, huyu ndiye yule mama mwizi?"

Watu walicheka kidogo, kwa aibu. Yeye akakupapasa kichwa akasema, "Msalimie, ni mama yako." Hakusema si mwizi. Neno lenyewe ni fupi sana. Nilisimama pale nikilisubiri mpaka jua likazama nyuma ya mlima, kisha nikakushika mkono tukateremka, nawe ukalia njia nzima ukimwita yeye.

Ulikuwa mtoto. Watu huniambia hivyo: alikuwa mtoto, Mama Skola. Najua. Nilikusamehe kwa kichwa siku ile ile. Kwa tumbo sijakusamehe mpaka leo, na kama unaona ni ukatili kumwandikia mwanao hivyo mkesha wa safari yake, basi ni ukatili, lakini si uongo. Kila nilipokukaripia kwa kuunguza maharage, nilikuwa nakukaripia kwa lile.

Utajiuliza kwa nini sikumwita mbele ya ukoo. Shamba ni la ukoo, na msemaji wa ukoo ni yeye. Nani angesimama aseme mkubwa wao kamtumbukiza dada yake? Bibi yako, mama yangu mzazi, aliniambia hivi, akimenya magimbi: "Hata kama ni yeye, mwanangu, wewe utapata kaka mwingine wapi?" Nikateremka mjini. Hili duka, hii mizani, hizi paa za bati juu ya kichwa chako ulipokuwa unasoma, hakuna hata msumari mmoja uliopigwa na mkono wa mtu wa kwetu. Ninachotaka ujue ni hiki tu: mtu anaweza kuishi bila ukoo. Si vizuri. Unakuwa kama mti uliokatwa mizizi ya upande mmoja, unasimama, lakini kila upepo unakutafuta wewe. Ila unaishi. Wakikuambia haiwezekani, wamekutisha.

Sasa Jumapili iliyopita. Baada ya misa ulipiga magoti mbele ya mjomba wako hapa sebuleni. Ulidhani niko nje, nilikuwa jikoni nakoroga uji.

"Mjomba, utanifungia mzigo?"

Sauti yake ikakatika. "Mwanangu, nani mwingine?" Nadhani alilia. Huwa analia kweli, yule, hilo ndilo linalowachanganya watu. Kisha, machozi hayajakauka, akakuuliza: "Na hiyo ndege ya Ujerumani inaruhusu kilo ngapi?"

"Ishirini, mjomba."

"Wako una ngapi?"

"Kumi na nane na nusu. Mama kaupima."

Akasema, "Basi nafasi ipo."

Mwiko ulinisimama mkononi. Uji ukaungua, wewe ukanilaumu mezani, nikala ule ulioungua bila kukujibu. Nafasi ipo. Labda alikuwa anafikiria magimbi ya kukutilia. Labda asali. Nimezunguka na maneno yale mawili tangu Jumapili nikijaribu kuyapa maana ya magimbi, na kuna saa yanakubali. Siku hizi mawe yale yana wanunuzi hadharani, kila mtaa una mtu mwenye kibali, hana haja ya kuyaficha kwenye unga. Lakini yeye kibali hana, na anajua Ujerumani yanathaminiwa kuliko Matombo. Hesabu hiyo naweza kuifanya mimi, na yeye anaweza.

Ningeweza kukukataza. Ningeweza kuufunga mzigo mwenyewe usiku huu na kutia kufuli. Utalia, utasema, mama una roho mbaya, umemfanyia mjomba fitina, na utaondoka ukiamini kwamba yeye ni mtakatifu na mimi ni mwizi niliyeona wivu. Utalichukua hilo mpaka Ujerumani, uzeeke nalo. Sitaki. Nimechoka kuwa mimi ninayejua peke yangu.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Mzigo uko katikati ya sebule, wazi, kama mila inavyotaka. Mizani imening'inia mlangoni, ndoano imepanguswa. Mzigo ni kilo kumi na nane na nusu. Kamba mbichi ya mgomba, ukiifunga mara nne, haifiki robo. Mimi nimempa nusu nzima, kwa heshima ya ukubwa wake. Ni kumi na tisa. Ikipita kumi na tisa, iliyozidi si kamba. Akimaliza kufunga, unyanyue uuning'inize, mbele yake, bila neno. Kama ni magimbi atasema ni magimbi, mtayatazama, mtacheka. Kama si magimbi, yafungue wewe kwa mikono yako. Mimi sitagusa fundo. Nitakuwa jikoni naosha vikombe, na hata ukiniita sitatoka.

Lakini nakujua. Una adabu, umelelewa vizuri, na wakati uliolelewa vizuri zaidi mimi sikuwepo. Utaitazama mizani, utaona aibu, utasema, "Asante, mjomba," kwa sauti ile ile niliyosema mimi. Ukifanya hivyo nitakusindikiza mpaka Dar. Nitasimama nyuma ya kile kioo wanachosimama wasindikizaji, naye atasimama pembeni yangu amevua kofia, na wakikuuliza nani amekufungia mzigo nitatazama midomo yako. Ukisema mjomba, watafungua. Ukisema mwenyewe, watakuamini, na chochote kilichomo kitakuwa chako. Sitavuka kioo, Skola. Nilishavuka mara moja.

Na nikuambie jambo ambalo mama hapaswi kumwambia mtoto. Nimepiga magoti usiku huu nikuombee safari njema, nikakuta siombi hivyo. Nilikuwa naomba mzigo uzidi. Naomba ukute lile jiwe kwa mkono wako mwenyewe, unga umekujaa kwenye kucha, umtazame usoni. Ndivyo nilivyo. Kumtaka akutendee ubaya ili nisafike mimi, hiyo ni dhambi, nitaitubu padri akirudi kutoka Mgeta. Lakini leo sijaitubu.

Kwa kuwa najua hutathubutu kuitumia mizani, nimeongeza kitu kidogo. Asubuhi atakuambia, "Geuka ukutani, mwanangu." Geuka. Usibishane naye, mila ni mila, na mimi sitaki isemwe kwamba binti yangu hakuwa na heshima. Pale ukutani, kwenye ule msumari wa kanga zangu, nimetundika kile kioo kikubwa nilichonunua kwa yule msusi aliyefunga saluni. Nimekiinamisha kidogo kuelekea chini. Nimechutama mwenyewe penye mzigo nikahakikisha: mle kiooni mikono yangu ilionekana yote, mpaka pete.

Ukiyafumba macho, sitakulaumu, nami niliyafumba. Ila usije ukaniandikia kutoka huko kwamba uliona ukuta.

Mama yako